Jinsi ya kujifunza kunusa manukato mazuri

Binamu yangu aliniomba nimsaidie kuchagua manukato. Alikuwa ameshanusa kumi na mawili kwa mkupuo, yote akayasikia sawasawa. Nikamwambia tuanze upya, hivi:

1. Tafuta vichupa vya sampuli, mililita 1 au 2. Chupa kubwa achana nayo kwanza.

2. Nusa matatu tu kwa siku. Puliza kwenye kikaratasi, andika jina, ngoja nusu dakika alkoholi iruke, kisha kipitishe chini ya pua bila kukigusisha. Punje za kahawa za "kusafisha pua" sizitaki kabisa: kahawa nayo ni harufu, unaiongezea pua kazi. Badala yake, nusa mkunjo wa kiwiko chako mwenyewe.

3. Yaliyokuvutia, yapulize kwenye ngozi mara moja tu, usisugue. Halafu subiri.

Hapa ndipo nilipopotezea miezi. Nilikuwa nayahukumu manukato kwa dakika tano za mwanzo, na hizo ni za limau, bergamoti (tunda la jamii ya machungwa) na jamaa zao, harufu nyepesi ambazo mara nyingi hazimalizi hata nusu saa. Maua na viungo hufuata. Baada ya saa nne au tano ndipo hubaki msandali, vanila, miski, udi, na hayo ndiyo utakayoshinda nayo. Shalimar, manukato ya kampuni ya Kifaransa Guerlain ya mwaka 1925, inafundisha vizuri: huanza kwa ukali wa ganda la tunda lililobanwa karibu na uso, kisha hutulia polepole ikawa vanila yenye moshi. Ukiosha mkono dakika ya kumi, hujaijua.

Tahadhari sasa. Pua huzoea. Ukidhani yameisha, usiongeze. Toka nje robo saa, urudi, au muulize mtu. Manukato fulani niliyagawa nikilalamika hayadumu, kumbe mama alikuwa akiyasikia kutoka chumba cha pili. Zipo aina za miski ambazo baadhi yetu hatuzisikii kabisa, wala si ubovu wa manukato. Ngozi kavu nayo huyamaliza upesi. Ipake kwanza mafuta yasiyo na harufu. Na ukiwa na mafua, ahirisha.

4. Andika daftarini, lakini usiandike "mazuri". Andika umekumbuka nini: kanga iliyokaa sandukuni, udongo ulionyeshewa. Mimi aldehidi (kemikali za harufu) zilizomo katika manukato ya Chanel No. 5, ya mwaka 1921, sikuzielewa mpaka nilipoandika "pasi ya moto juu ya shuka safi". Tangu hapo nazitambua popote.

5. Vikaratasi usivitupe. Vinuse tena kesho yake asubuhi. Binamu yangu aliamka akakishika kile cha tatu, alichokuwa amekikataa jana yake, akakaa nacho puani muda mrefu bila kusema neno.