Kabla hujaitegemea ABS ya gari la zamani

Ukifungua swichi ya gari lenye ABS, yaani mfumo unaozuia tairi zisifunge (zisiache kuzunguka) unapokanyaga breki kwa nguvu, tazama dashibodi kabla hujapiga stata. Taa ya njano ya ABS inatakiwa iwake, ikae sekunde chache, kisha izimike yenyewe. Kwenye baadhi ya magari huzimika pale gari linapoanza kutembea. Ikigoma kuzimika, mfumo umejizima na umekwambia wazi. Ninayoiogopa zaidi ni taa isiyowaka kabisa. Wapo wanaochomoa balbu wakitaka kuuza gari, na wapo wanaounganisha waya wake na taa ya betri ili zizimike pamoja. Mnunuzi anakuja kuujua ukweli siku tairi zimefunga kwenye lami yenye maji, na hapo hana tena la kufanya.

ABS ya kompyuta kama tunayoijua iliingia sokoni mwaka 1978 kwenye Mercedes-Benz S-Class, ikiwa imetengenezwa na Bosch, na kanuni yake ndiyo ile ile hadi leo. Kwenye kitovu cha gurudumu au kwenye ekseli kuna pete ya chuma yenye meno, na mbele yake sensa ndogo yenye sumaku na koili. Kila jino likipita, sensa inatoa mpigo mdogo wa umeme, na kompyuta inaihesabu mipigo hiyo. Gurudumu moja likipunguza mzunguko ghafla, kupita vile gari zima linavyoweza kupungua mwendo, kompyuta inajua linakaribia kufunga. Inaziba njia ya presha kwa valvu, isipotosha inafungua valvu nyingine presha ishuke, gurudumu likirudi kuzunguka linabanwa tena. Haya hutokea mara kadhaa ndani ya sekunde moja, ndiyo maana pedali inatetemeka na kugonga chini ya mguu. Gurudumu lililofunga halisikii usukani. Linaloendelea kuzunguka ndilo linalokuwezesha kumkwepa mtu aliyeingia barabarani huku ukiwa umekanyaga breki.

Kwa hiyo kila kitu kinasimama juu ya ile sensa, na kwenye gari la zamani hapo ndipo maradhi mengi yanapoanzia. Nafasi kati ya sensa na meno ni kama milimita moja tu. Kutu ikijenga tabaka chini ya sensa, inaisukuma mbali na pete, na mpigo unadhoofika. Gari langu moja lilikuwa na tabia hii: nikikaribia kusimama, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, barabara kavu kabisa, pedali inanguruma na gari linajisogeza mbele kidogo badala ya kutulia. Taa haikuwaka. Tulipoinua gurudumu la mbele na kuchomoa sensa, ncha yake ilikuwa na ndevu za unga wa chuma zilizovutwa na sumaku, na pete ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Penye ufa, meno mawili yalikuwa yameachana, na kompyuta ilisoma pengo lile kama gurudumu lililosimama, ikaachia breki. Ukiona dalili kama hiyo, usibadilishe kompyuta wala pampu kabla hujafuta sensa, hujaizungusha pete yote ukiichungulia, na hujaufuata waya hadi unapopinda na usukani, maana hapo ndipo hukatikia ndani ya ganda lake. Kagua beringi pia. Gurudumu linalocheza linaiyumbisha ile milimita moja.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na unyevu hula valvu ndogo za ABS kwa ndani. Yabadilishe kila baada ya miaka 2, hata kama gari halitembei sana. Fundi akirudisha pistoni ya breki ili aweke pedi mpya, mwambie afungue kwanza nati ya kutolea upepo, uchafu utokee pale pale badala ya kusukumwa hadi kwenye valvu. Tairi nazo ziwe za ukubwa mmoja. Tairi ndogo huzunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta inahesabu mizunguko tu.

Mfumo wa kuzuia tairi kuzunguka bure hutumia sensa hizo hizo, ndiyo maana taa mbili mara nyingi huwaka pamoja kwa kosa moja. Gurudumu linalosukumwa na injini likizunguka kuliko mengine, mfumo unapunguza nguvu ya injini, na kwenye magari mengi unalibana pia kwa breki. Ni msaada mkubwa kwenye utelezi. Ila ukinasa kwenye tope zito au mchanga, uzime mfumo huu kwa swichi yake, la sivyo injini itakosa nguvu kila unapokanyaga mafuta.

Kisha mfundishe mguu wako kabla ya siku yenyewe. Tafuta uwanja mpana usio na watu, wenye maji, nenda kilomita 30 au 40 kwa saa, ukanyage breki kwa nguvu zote na kuishikilia. Usiipampu, usishtuke ikinguruma. Geuza usukani uone gari linavyokutii. Wengi huachia pedali ikianza kutetemeka, wakidhani wameharibu kitu. Na kwenye kokoto au mchanga mlegevu achia nafasi zaidi mbele yako, kwa sababu huko ABS inaweza kukuchelewesha kusimama: gurudumu lililofunga hujirundikia kokoto za kulizuia, linalozunguka hupita juu yake.

Taa ya njano ikiwaka peke yake safarini, breki za kawaida kwa kawaida bado unazo, endesha taratibu hadi kwa fundi. Ikiungana na nyekundu ya breki, paki hapo hapo penye usalama, ufungue boneti uangalie mafuta ya breki.