SOMO: Kuichambua tovuti ya mgahawa pinzani kabla hujamlipa fundi

Wakuu habari za mchana. Wenye migahawa wengi hapa Dodoma wakiona mwenzao ana tovuti kali wanakimbilia kwa fundi, "nitengenezee kama ile". Ile ipi sasa, na ina nini? Kaa kwanza uichambue, na uichambue kwa macho ya mtu mwenye njaa, sio ya fundi.

Hatua ya 1. Achana na kompyuta. Chukua simu ya kawaida, weka bando, zima waifai, toka nje saa saba mchana jua likiwaka. Mteja ni mtumishi wa Mtumba, kule Mji wa Serikali, anatafuta pa kula lanchi, au mtu kashuka treni ya SGR na begi lake hajui hata Area D iko upande gani. Fungua tovuti, hesabu mpaka tano, funga. Andika ulichokikumbuka. Kama ni mapicha yanayozunguka tu na namba ya simu hukuiona, andika hivyo hivyo.

Hatua ya 2, na hapa ndo penyewe: umebonyeza mara ngapi mpaka kuiona bei? Wengi menyu yao ni PDF ya karatasi ya A4, ukiifungua kwenye simu maandishi kama sisimizi, unakuza, unasoma "kuku wa kienyeji", unavuta kulia kutafuta bei, mstari umeshapotea, unasoma bei ya samaki. Piga skrinshoti. Hilo pengo ni la kwako: menyu ya maandishi, chakula kushoto, bei kulia, basi.

Hatua ya 3, rangi. Maandishi meupe juu ya picha ya nyama choma yanamfurahisha aliyetengeneza, juani hayasomeki. Kipimo kipo: mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti isomeke na kila mtu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake angalau 4.5 kwa 1, yakiwa makubwa 3 kwa 1. Kwenye kompyuta fungua Chrome, bofya kulia, chagua Inspect, bonyeza kile kimshale cha kuchagulia halafu sogeza kipanya juu ya maandishi, utaona rangi, fonti na huo utofauti. Ila nyuma kukiwa na picha usiiamini hiyo namba, amini macho.

Hatua ya 4. Picha zao zipitishe Google Lens, inayokutafutia picha hiyo iko wapi kwingine mtandaoni. Ukikuta sahani ile ile iko kwenye tovuti za nje kibao, ujue sio ya jikoni kwao. Wewe piga picha mlenda wako na ugali wa uwele karibu na dirisha, hata kwa simu.

Kasi ipime kwa PageSpeed Insights, kipimo cha bure cha Google, unabandika anwani ya tovuti tu; kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini inapofunguka kitokee ndani ya sekunde 2.5. Kisha pitisha na ya kwako humo humo, usijionee huruma.

MASWALI

Mkuu nikizipenda rangi zao nachukua?
- Nyekundu haina mwenyewe. Picha na maandishi yao usiguse, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo. Halafu mkifanana mno mteja atampigia yeye akidhani ni wewe.

Mie mama lishe wa Ipagala, nauza kwa WhatsApp tu, inanihusu?
- Inakuhusu sana dada. Angalia katalogi za wenzio: bei ipo au "njoo inboksi"? Weka bei, na mahali ulipo kwenye Google Maps.

Nitajuaje ni muonekano unamletea wateja na sio utamu wa chakula?
- Kwa kuangalia tu hutajua. Tafuta mtu ambaye hajawahi kula kwenu wote wawili, mpe simu, mwambie atafute bei ya pilau na namba ya kupiga, kwanza kwenye tovuti ya mpinzani kisha kwenye yako. Nyamaza uangalie kidole chake kinahangaika wapi. Ukianza tu "bonyeza pale juu", zoezi umeshaliharibu, tafuta mtu mwingine.