Unahamia Uingereza na unaishi na VVU? Haya ya TB yamalize kabla ya safari

Ukiomba viza ya kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6 ukitokea Tanzania, Kenya au Uganda, lazima upigwe picha ya kifua kwanza. Picha ikiwa safi unapewa cheti, na wengi wakishakipata hawaifikirii tena TB. Sisi WAVIU, yaani watu tunaoishi na VVU, tusiridhike na cheti hicho. Picha ile inatafuta TB iliyokwisha kuamka kwenye mapafu. Vimelea vilivyolala haivioni, na inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 4 duniani anavyo bila kuumwa chochote.

Asiye na VVU akiwa na vimelea hivyo, uwezekano wa kuugua ni asilimia 5 hadi 10 kwa maisha yake yote. Mwenye VVU asiyetumia dawa za VVU (ARV) anaweza kufikia kiwango hicho kwa mwaka mmoja tu. ARV hupunguza sana hatari hii, ila haziiondoi. Na kwenye nchi zenye TB kidogo, kama Uingereza, wagonjwa walio wengi ni waliozaliwa nje: waliondoka nayo kwao imelala, ikaamka miaka baadaye.

Kwa hiyo anzia CTC yako, yaani kliniki unakochukulia ARV. Uliza kama umewahi kumaliza dawa kinga ya TB. Kama bado, kuna isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6, na kuna 3HP, yaani isoniazidi na rifapentini, inayomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya ndege. Ukibakiza wiki 3 umeshachelewa kumalizia nyumbani.

Kabla ya kupewa utaulizwa kuhusu kikohozi, homa, kupungua uzito na kutokwa jasho usiku. Jibu kweli. Najua wapo wanaomeza kikohozi chao wakiogopa viza itachelewa, na hofu hiyo naielewa. Lakini dawa kinga haitoshi kuua TB iliyoamka. Inaweza kuifanya iwe sugu. Toa makohozi yapimwe. Ikikutwa TB utatibiwa, kwa kawaida miezi 6, kisha utaomba cheti upya.

Ukitumia 3HP, mkojo kugeuka rangi ya chungwa usikutishe. Cha kukurudisha kliniki haraka ni macho kuwa ya njano, kutapika, au tumbo kuuma upande wa ini. Pombe iache kwa kipindi hicho. Omba vitamini B6 ili miguu isipate ganzi. Kina dada wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wajue kwamba rifapentini huvipunguza nguvu. Ongezeni kondomu au ulizeni njia nyingine. Na mtaje kila dawa mnayomeza, kwa sababu familia hii ya dawa hugombana na baadhi ya ARV. Ukitibiwa TB kwa rifampisini, ndugu ya rifapentini, ukiwa kwenye TLD (kidonge cha ARV chenye dolutegravir ndani), kwa mfano, huongezwa kidonge kingine cha dolutegravir saa 12 baada ya kile cha kwanza.

Kabla ya kuaga kliniki omba barua ya Kiingereza: ARV unazotumia na ulianza lini, wingi wa virusi na CD4 (seli za kinga) za mwisho, kama uliwahi kuugua TB, dawa kinga ulianza na kumaliza lini. Ipige picha kwenye simu. ARV za miezi kadhaa zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku linaloweza kupotea.

Ukifika, jiandikishe kliniki ya VVU mapema. Kama hukupata dawa kinga, omba kupimwa TB iliyolala. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG, chanjo ya TB ya utotoni. Cha ngozi, unachomwa sindano ndogo mkononi, unarudi baada ya saa 48 hadi 72, uvimbe unapimwa kwa rula. Kwetu wenye VVU milimita 5 zinatosha kuhesabika kuwa unayo. CD4 zikiwa chini sana, majibu yanaweza kusema huna wakati unayo.

Baadaye ukikohoa wiki kadhaa katikati ya baridi, daktari asiyezoea TB anaweza kufikiria mafua. Mwambie wazi: "Nimezaliwa Tanzania, naishi na VVU, naomba nipimwe TB." Kwetu sisi inaweza kukaa kwenye tezi, uti wa mgongo au utando wa ubongo huku picha ya kifua ikiwa safi. Huko Uingereza matibabu ya TB ni bure kwa kila mtu, awe na vibali au asiwe navyo. Na kila ukirudi kutoka likizo nyumbani, mtajie daktari kama ulilala chumba kimoja na ndugu aliyekuwa anakohoa.