Kusoma afya na elimu ya viungo kwenye chuo kidogo

Chuo kidogo mara nyingi kina mkufunzi mmoja mwenye kozi tatu mgongoni, kiwanja kimoja na mipira ya kuhesabika. Faida yake ni zamu za kuongoza mazoezi: darasa la watu 12 hukupa filimbi mara nyingi kuliko darasa la 100. Wiki ya kwanza tu, omba ratiba ya vitendo ya muhula mzima na ujiandikishe zamu za mwanzo. Zamu za mwisho hugongana na mitihani, na mipira nayo imeshachoka.

Anatomia huangusha wengi kwa sababu wanaikariri kama orodha ya mifupa 206. Jifunzie mwilini mwako. Kunja kiwiko nyuzi 90, kiganja kitazame chini, na kwa mkono wa pili ushike sehemu ya mbele ya mkono wa juu. Sasa geuza kiganja kitazame juu kwa nguvu, kama anayekaza skrubu kwa mkono wa kulia. Utasikia bisepsi ikivimba chini ya vidole ingawa kiwiko hakijasogea. Umeshazijua kazi zake mbili: kukunja kiwiko na kugeuza kigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja. Misuli mitano kwa siku inatosha. Andika inaanzia wapi, inajishika wapi, inasogeza nini.

Mapigo ya moyo pima kwa kidole cha shahada na cha kati. Gumba lina mapigo yake, utaishia kujihesabu mwenyewe. Mtu aliyetulia mhesabu sekunde 60 nzima. Aliyetoka kukimbia mhesabu papo hapo kwa sekunde 10, kisha zidisha kwa 6, maana moyo hutulia upesi. Pigo moja ulilokosea hapo ni makosa ya mapigo 6 kwa dakika, kwa hiyo mwenzako ahesabu mkono wa pili mlinganishe.

Jaribio la Cooper la mbio za dakika 12 halihitaji kifaa cha bei, ila linahitaji njia iliyopimwa kwa uangalifu. Kama hakuna njia ya mita 400, chora mzunguko wa mita 200 kwa utepe usiovutika, weka koni kila mita 50. Toa 504.9 kwenye mita alizokimbia, gawanya kwa 44.73: aliyefikisha mita 2,400 anapata takriban 42.4, yaani mililita za oksijeni ambazo mwili wake unaweza kutumia kwa upeo, kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kinachoharibu matokeo ni kona. Anayekimbia mita moja nje ya mstari huongeza kama mita 6.3 kila mzunguko. Kwa mizunguko 12 ni zaidi ya mita 75 ambazo hazikuandikwa popote, na unamwona dhaifu kuliko alivyo.

Kwenye mazoezi ya kufundisha, adui ni foleni. Wanafunzi 40, mipira minne, safu nne, kila zamu sekunde 20: katika dakika 20 kila mmoja anagusa mpira mara sita tu, muda uliobaki anasukumana na wenzake. Shona mipira 20 ya matambara, wapange wawili wawili, zamu zinafika 30. Hesabu hii iwemo kwenye andalio la somo. Mkaguzi akiuliza kwa nini umepanga hivyo, unayo majibu.

Upande wa afya, soma lishe na magonjwa kidogo kidogo, lakini ufufuaji wa moyo na mapafu ufanye kwa mikono. Kifua cha mtu mzima hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 30 kisha pumzi mbili. Wanagenzi wengi husukuma vizuri ila hawaachii kifua kirudi juu kabisa, na moyo haujai damu. Kama sanamu ya mazoezi ni moja, iombeni baada ya vipindi, mwingie wawili wawili na saa mkononi, mkibadilishana kila dakika mbili. Mikono huchoka na kina hupungua kabla mwenyewe hujahisi.