Kabla hujalaumu wino: kuchapa tarehe kwenye makasha ya mayai

Wiki yangu ya kwanza na printa ya makasha ya mayai nilimaliza katriji tatu kwa zamu moja. Tarehe ilitoka kali upande wa kushoto, upande wa kulia ikawa kama moshi. Nikabadilisha wino, nikasafisha, nikabadilisha tena. Mwishowe nililaza rula juu ya mfuniko nikamulika tochi kwa nyuma: mwanga ukapenya chini ya rula upande mmoja. Mfuniko ulikuwa umepinda. Tangu hapo wino ndio kitu cha mwisho ninachogusa.

Basi anza na rula. Chukua makasha ishirini hivi, mengine ya juu ya mrundo, mengine ya katikati, mengine ya chini kabisa, maana yale ya chini yamebebeshwa uzito kwa siku nyingi na hayalingani na wenzake. Pima kimo cha mahali utakapochapa, mwanzo wa maandishi na mwisho wake. Yatatofautiana tu. Rojo la karatasi hufinyangwa juu ya wavu, maji yakafyonzwa, kisha likakaushwa. Likikauka hunywea, na halinywei sawasawa kila mahali.

Hapo ndipo penye kesi. Printa ndogo za katriji zinazorusha wino kwa joto hutaka uso uwe karibu sana na matundu, milimita 1 au 2. Nafasi ikizidi hapo, matone hupepesuka njiani na kutua ovyo, hasa mkanda unaobeba makasha ukienda kasi. Sasa kama makasha yako yanapishana kimo kwa milimita 3, hakuna mahali pa kukiweka kichwa cha printa ukayaridhisha yote. Ukikisogeza karibu, kasha refu litakikwangua. Ukikirudisha nyuma, fupi litatoka na moshi.

Usihangaike na kichwa, shika kasha. Mimi nimefunga reli mbili za kulibana pembeni, na gurudumu laini la kukandamiza mfuniko sentimita chache kabla ya kuchapa. Gurudumu likae upande ambao bado haujachapwa, la sivyo litabeba wino mbichi na kuupaka kasha linalofuata. (Niliwahi kuchapa tarehe ile ile mara mbili kila kasha, ya pili ikiwa hafifu kama kivuli, na ilinichukua asubuhi nzima kugundua kwamba mchapaji wa pili ni gurudumu.) Kama makasha yako hayashikiki kabisa, tafuta printa ya mtiririko endelevu, ambayo hurusha matone kwa umbali wa sentimita moja na zaidi. Herufi zake ni za nukta nukta na hazipendezi, lakini zinasomeka.

Na ukibahatika kuzungumza na mchonga kalibu ya kufinyangia makasha kabla hajaanza kazi, mwombe kipande bapa cha tarehe, chenye ukingo mpana kuliko unavyodhani utahitaji. Hilo moja linaokoa zaidi ya wino wowote wa ghali.

Sasa wino. Karatasi hii inakunywa, kwa hiyo wino wa maji huishia kukauka wenyewe kwa kunyonywa. Tabu yake ni kwamba hufuata nyuzi na kutambaa pembeni, na tarakimu 8 na 6 huziba matumbo. Punguza kiasi cha wino kwenye mipangilio kabla ya kutafuta wino mwingine, na ukuze herufi. Chagua mwandiko wa kawaida usio na mikia. Wino wa chembe za rangi kwa kawaida hubaki juu zaidi kuliko ule wa rangi iliyoyeyuka. Makasha yaliyolala kwenye hewa yenye unyevu hutambaza wino zaidi, kwa hiyo fanya majaribio na hayo pia, si yale makavu yaliyotoka kwenye kifungashio sasa hivi.

Jambo ambalo wengi hulisahau: makasha matupu hupangwa moja ndani ya jingine. Wino ulio nje ya moja unagusa ndani ya jingine, palepale chakula kitakapokaa. Hakikisha umekauka kabla ya kuyapanga, na mdai muuzaji wa wino hati ya maandishi kwamba unafaa kwa vifungashio vya chakula. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Vumbi la nyuzi ni adui wa kila siku. Weka brashi na mfyonzo kabla ya kichwa, na usipulize hewa kuelekea kwenye matundu. Kichwa ukifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowa kidogo maji yaliyochujwa chumvi, mara moja kwa mwelekeo mmoja. Mkanda ukisimama kwa muda, temesha wino kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu hukauka kwenye matundu.

Ukitakiwa kuchapa msimbopau, kumbuka skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, kwa hiyo wino mwekundu kwao haupo. Chapa kwa mweusi. Kwenye kasha la kijivu hata mweusi hupoteza ukali, basi nyembamisha mistari kidogo kwenye programu, kwa kuwa wino utaipanua wenyewe. Ukiweza kuchagua, chukua msimbo wa QR wa kiwango H, unaostahimili kuharibika kwa takribani asilimia 30, na uuache na pambizo tupu ya vijisanduku 4 kila upande. Ujaribu kwa skana itakayotumika kazini. Kamera ya simu husamehe mno.

Ukishapata nafasi inayofaa kati ya kichwa na kasha, iandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye fremu, kando ya skrubu. Zamu ya usiku itailegeza.