Karanga za Sukari zenye Ufuta: Usizime Moto Sukari Ikigeuka Chenga

Wengi wanaoniambia karanga zao za sukari zimewashinda waliziacha katikati. Shira ilikauka ghafla, sukari ikawa chenga nyeupe kama mchanga, wakadhani imeharibika, wakazima jiko. Haijaharibika. Hapo ndipo umefika nusu ya safari.

Andaa karanga mbichi vikombe 2 (kama gramu 300) zikiwa na maganda yake mekundu, maana sukari hushika vizuri penye ganda kuliko palipo laini. Sukari gramu 150, maji mililita 80, chumvi robo kijiko cha chai, ufuta vijiko 3 vya chakula. Tumia sufuria nzito na mwiko wa mbao.

Hatua ya 1: Ufuta

Anza nao, kwa sababu baadaye hutapata nafasi ya kuondoka jikoni. Kama ufuta una mchanga, utie kwenye bakuli la maji, uzungushe kwa mkono, kisha mimina maji pamoja na ufuta kwenye chujio jembamba. Mchanga utabaki chini. Rudia mpaka bakuli libaki safi, halafu utandaze ukauke.

Bandika kikaango kikavu kwenye moto mdogo. Usitie mafuta; karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta yake wenyewe. Koroga bila kuacha. Mwanzoni utaona kama hakuna kinachoendelea, na hapo ndipo watu hushawishika kuongeza moto. Usiongeze. Baada ya dakika tatu hivi utasikia punje zinaruka na harufu itabadilika. Chukua punje chache uzisage kwa vidole: zikivunjika kirahisi na kunukia, zimeiva. Zimimine papo hapo kwenye sahani baridi, zikiwa bado na rangi hafifu kuliko unayoitaka, kwani kikaango huendelea kuzikaanga hata moto ukizimwa. Ufuta uliopitiliza ni mchungu, na uchungu huo hauondoki.

Hatua ya 2: Shira

Tia karanga, sukari, maji na chumvi vyote pamoja kwenye sufuria, moto wa wastani. Koroga hadi ichemke.

Hatua ya 3: Chenga

Angalia mapovu. Mwanzoni ni madogo na ya haraka. Maji yanapopungua yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole. Punde sukari itaganda na kuzivika karanga unga mweupe. Punguza moto, endelea kugeuza. Sukari iliyo chini itaanza kuyeyuka upya, safari hii bila maji, ikiwa ya rangi ya kahawia. Ikwangue kwa mwiko uipandishe juu ya karanga, tena na tena. Inaweza kuchukua dakika 5 hadi 8, na mkono utachoka. Ukiona moshi, ipua sufuria kidogo kisha uirudishe.

Ukitumia korosho, moto uwe mdogo zaidi, maana huungua upesi.

Hatua ya 4: Kuipua

Karanga ziking'aa, hata kama bado zina madoa meupe, toa moja, iache ipoe kabisa, uing'ate. Ikiwa ndani bado laini, endelea dakika moja. Ikilia kwa meno, mwaga ufuta, geuza mara mbili tatu, ipua. Ufuta ukiingia mapema utaungua, kwa kuwa sukari inayogeuka kahawia huwa imeshapita nyuzi joto 160.

Mimina kwenye sinia lenye karatasi ya kuokea, uzitenganishe haraka kwa uma mbili. Usiguse wala kuonja hapo, na watoto wakae mbali: sukari ya moto hunata kwenye ngozi na kuunguza kuliko maji yanayochemka.

Sufuria usiikwangue. Ijaze maji, uyachemshe, sukari itayeyuka yenyewe.

Karanga zikishapoa kabisa, zitie kwenye chupa yenye mfuniko unaobana. Zikifungwa zikiwa na joto, mvuke utazilainisha kabla ya kesho.