Kazi ya Nyumbani Inayohama Pamoja Nawe: Mwongozo kwa Wenzi wa Askari wa Marekani

Hivi karibuni nilikaa siku mbili mezani na mke wa askari aliyekuwa akijiandaa kwa uhamisho wake wa tatu, tukitafuta namna ya kumwezesha kuhama bila kuacha kazi kwa mara nyingine. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio uleule. Yanawahusu wenzi, wake kwa waume, wa askari walio katika utumishi wa kudumu wa jeshi la Marekani, na nimewafikiria zaidi wale wanaozungumza Kiswahili, ambao katika baadhi ya kambi si wachache.

Hatua ya 1: Pima kazi kabla ya kuipenda

Uhamisho wa kituo, ambao kambini hakuna anayeuita kwa jina jingine ila PCS, huja kwa kawaida kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo kazi yoyote unayoifikiria iulize maswali mawili. Je, inaweza kufanywa kutoka jimbo lingine bila kibali kipya? Je, inaweza kufanywa ukiwa mbali na saa za ofisi za mwajiri? Mtu aliyehamia Japani atakuta kwamba saa tatu asubuhi ya New York, wakati wa kiangazi, ni saa nne usiku kwake. Kazi ya kupokea simu za wateja mchana itamshinda, ilhali kazi inayodaiwa kwa tarehe ya kukamilika ataiendesha bila shida.

Mimi napendelea utunzaji wa vitabu vya hesabu kuliko kazi nyingine zote za aina hii. Kila biashara ndogo inauhitaji, hesabu za mwezi hazijali zimefungwa saa ngapi, na mteja akikuamini hakuachi kwa sababu umehama. Uwekaji wa misimbo ya matibabu, yaani zile namba ambazo hospitali hutumia kuidai bima, nao ni mzuri. Jua tu kwamba ukifaulu mtihani wa CPC, ambao ni wa waweka misimbo hao, bila uzoefu utapewa cheti chenye herufi A ya uanagenzi, na waajiri wengi huisita herufi hiyo mpaka itakapoondolewa. Kazi za kuuza bidhaa kwa kuwaandikisha watu chini yako siziiti kazi, na huwa nasikitika kuona zinavyosambaa katika nyumba za kambini.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna mlango mwingine, nao ni ukalimani wa hospitali kwa simu au kwa video. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 1557, inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimpatie mgonjwa mkalimani aliyehitimu. Cheti cha kuanzia nacho ni CoreCHI, kwa sababu mtihani wake haujafungwa kwa lugha fulani; unachohitaji kabla yake, pamoja na umahiri wa lugha zote mbili, ni mafunzo ya ukalimani wa afya ya angalau saa 40. Usilipie mtihani wowote kabla ya kuthibitisha kwamba Kiswahili kimo, kwani yule niliyekuwa nikimsaidia alikaribia kulipia mtihani uliotungwa kwa lugha chache tu. Kumbuka pia kwamba kampuni nyingi za ukalimani wa simu hulipa kwa dakika za mazungumzo, na muda wa kusubiri simu haulipwi.

Hatua ya 2: Omba fedha za mafunzo kabla ya kujiandikisha

Mpango wa MyCAA hutoa hadi dola 4,000 kwa ajili ya vyeti, leseni na shahada ya miaka miwili. Shahada ya kwanza haimo. Ni wa wenzi wa askari wa ngazi fulani za cheo, na kwa kuwa ngazi hizo zimewahi kubadilishwa, usitegemee alichokuambia jirani aliyesoma miaka iliyopita. Mpango wako wa masomo huidhinishwa kabla ya kozi kuanza, na aliyeanza masomo kwanza harudishiwi kitu.

Hatua ya 3: Leseni

Wauguzi, walimu na washauri nasaha wanafahamu adha ya kuanza upya kila jimbo. Sheria iliyotiwa saini Januari 2023 inaitaka mamlaka ya jimbo unalohamia kwa amri ya kijeshi iitambue leseni yako, mradi iwe haina doa; ilipotiwa saini iliziacha nje leseni za uanasheria na ilidai pia uwe umeitumia leseni hiyo. Ada za leseni mpya zinaweza kurejeshwa na jeshi hadi dola 1,000 kwa kila uhamisho, kwa hiyo tunza risiti.

Hatua ya 4: Tuma maombi

Anza na waajiri waliojiunga na ushirika wa MSEP, ulioanzishwa mwaka 2011, kwa kuwa wameahidi kuwaajiri na kuwabakiza wenzi wa askari. Wanaotaka kazi za serikali kuu watumie njia iliyofunguliwa na amri ya rais namba 13473 ya mwaka 2008, inayoruhusu kuajiriwa bila ushindani wa kawaida. Wasifu wa kazi hauhitaji kueleza kila pengo la miaka. Sentensi moja kwamba mlihamishwa inatosha.

Hatua ya 5: Kodi ya jimbo

Hapa ndipo nilipopoteza majuma, na hapa ndipo nitakapokaa.

Nilipohamia North Carolina nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya jimbo jingine, nikifanya kazi sebuleni. Makao yetu ya kisheria, yaani jimbo tulilohesabiwa kuwa wakazi wake hata tukiishi kwingine, yalikuwa Texas, ambako mshahara hautozwi kodi ya jimbo. Niliwaarifu wahusika wa mishahara kwamba nimehama, nao, kwa nia njema, wakaanza kukata kodi ya North Carolina. Nilipowaeleza kwamba mimi ni mke wa askari, walinijibu kwamba msamaha huo ni wa askari mwenyewe. Walikosea, lakini nami sikuwa na karatasi hata moja ya kuwaonyesha.

Sheria yenyewe imekuja kwa awamu tatu, na ndiyo maana watu wanapingana. Mwaka 2009 mwenzi alipata haki ya kutotozwa kodi ya mshahara na jimbo alilomo kwa sababu tu ya kumfuata askari, kwa sharti kwamba makao yao ya kisheria yawe jimbo moja. Mwaka 2018 aliruhusiwa kuchagua makao ya askari hata kama yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nayo. Sheria ileile ya Januari 2023 ikapanua zaidi, kwamba wanandoa wanaweza kuchagua kati ya makao ya askari, makao ya mwenzi, au jimbo la kituo cha kudumu cha askari. Afisa wa mishahara aliyejifunza mwaka 2010 atakuambia ya mwaka 2010, tena kwa uhakika mkubwa.

Fanya hivi. Tafuta fomu ya makato ya jimbo unaloishi, si ya jimbo la mwajiri; kwa North Carolina ni NC-4 EZ na kwa Virginia ni VA-4, na zote zina sehemu ya mwenzi wa askari. Ambatisha nakala ya kitambulisho chako cha kijeshi, amri ya uhamisho, na hati ya mshahara wa askari iitwayo LES, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha jimbo lake la kodi. Ziba namba zote zisizohitajika kabla ya kutuma. Peleka kwa maandishi, omba jibu la maandishi, kisha kagua malipo mawili yanayofuata kwa macho yako. Kwangu fomu ilipokelewa, ikasifiwa, na haikuingizwa kwenye mfumo. Kilichokwisha kukatwa nilikirejesha kwa kujaza tamko la kodi la jimbo, D-400, mwaka ulipoisha.

Kuna tahadhari kadhaa, na hakuna iliyo ndogo. Msamaha huu haugusi kodi ya serikali kuu. Haugusi pia kodi ya mapato yanayotokana na nyumba unayoipangisha. Unahusu malipo ya kazi ya mikono na akili yako. Ukichagua makao yenye kodi ya mapato, utalipa huko hata kama mwajiri hakukata kitu, na deni hilo hukusanyika kimya kimya. Jazeni fomu upya kila mwaka na kila mnapohama. Talaka au askari kustaafu hubadilisha hesabu yote. Ikiwa askari amehamishiwa kwingine nawe umebaki ili watoto wamalize shule, nenda kwenye ofisi ya sheria ya kambi kabla ya kujaza chochote. Huduma yao ni bure.

Aliyejiajiri hakatiwi na mtu, hivyo hulipa mwenyewe serikali kuu kila robo mwaka: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3, kando ya kodi ya mapato.

Jambo la mwisho katika hatua hii uliulize kwenye usaili: mwajiri amesajiliwa katika majimbo gani? Kampuni nyingi hukataa mfanyakazi akihamia jimbo ambalo hazikusajiliwa, si kwa chuki bali kwa kukwepa gharama, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kusaini.

Hatua ya 6: Uhamisho wa nje ya nchi

Usihame kwanza ukaomba ruhusa baadaye. Hadhi yako huko inatokana na mkataba wa majeshi uitwao SOFA, nao hutofautiana nchi kwa nchi. Unaweza kukuruhusu kuishi bila kukuhakikishia kwamba mshahara wako hautadaiwa kodi ya huko. Iulize ofisi ya sheria ya kambi unayokwenda, kisha pata kibali cha mwajiri kwa maandishi. Wafanyakazi wa serikali kuu wana utaratibu wao, DETO, nao huchukua muda mrefu. Kuficha mahali ulipo kwa programu ya kubadilisha anwani ya intaneti ni njia ya haraka ya kufukuzwa, na sitamsaidia mtu kuifanya.

Hatua ya 7: Siku ya kufungasha

Kompyuta, chaja na vyeti husafiri mkononi mwako. Vifaa vingine vya kazi, kama skrini na vitabu, vitenge chumba kimoja na kuvibandika maandishi kabla wapakiaji hawajaingia, kwa sababu mwenzi anaruhusiwa hadi ratili 500 za vifaa vya taaluma ambazo hazihesabiwi katika uzito wa mizigo ya nyumbani. Ni lazima vitamkwe mapema na viandikwe kwenye orodha ya mizigo. Vikishachanganywa na masufuria, vitapimwa pamoja na masufuria.